Kigali Yarekebisha Kanuni za Makazi

Mwezi Septemba mwaka 2020 Jiji la Kigali, makao makuu ya nchi jirani ya Rwanda, lilizindua mpango kabambe mpya wa kuongoza ujenzi wake hadi mwaka 2050. Mpango huo ulichukua nafasi ya ule wa mwaka 2013. Ni kawaida kwa mipango ya namna hii kupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na yanayobadilishwa huwa machache: barabara husogezwa, mpaka wa eneo la viwanda hurekebishwa, kiwanja cha shule huongezwa. Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Kilichobadilishwa ni kanuni zenyewe zinazoeleza ni nyumba ya namna gani inaruhusiwa kujengwa katika kila mtaa na, ingawa kanuni hazisemi hivyo waziwazi, ni mtu wa kipato gani anayeweza kuishi katika mtaa huo.

Kigali si mji mkubwa kwa kipimo cha Afrika Mashariki. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta wakazi wapatao 1,745,000. Mwaka huo huo Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya 5,380,000, na Nairobi ilikuwa imekwisha kupita 4,390,000 miaka mitatu kabla. Lakini udogo huo ndio unaoufanya mji huo ufae kutazamwa. Katika mji mkubwa kanuni za ujenzi hupuuzwa kwa urahisi, kwa kuwa hakuna wakaguzi wa kutosha kuzunguka kila uchochoro. Kigali hali ni nyingine. Ardhi ya Rwanda iliwekewa mipaka na kuandikishwa katika kazi kubwa iliyokamilika mwaka 2013. Viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10 viliingizwa katika daftari, na kila kimoja kikapewa namba yake. Kwa kutumia namba hiyo mwenye kiwanja huweza kuonyeshwa mara moja kiwanja chake kimo katika kanda ipi na kinachoruhusiwa humo ni kipi. Viongozi wa ngazi za chini nao hawachelewi kujua ukuta mpya ulipoinuliwa. Kwa hiyo kanuni ikiandikwa Kigali haibaki kwenye karatasi. Ikiwa nzuri watu huneemeka nayo, na ikiwa mbaya huumia nayo bila ya pa kukimbilia.

Kuugawa mji katika kanda ni jambo rahisi kulieleza. Ramani ya mji hutiwa rangi. Rangi moja ni ya viwanda, nyingine ni ya maduka na ofisi, nyingine ya misitu na mabonde yasiyojengwa, na nyingine ya makazi. Makazi nayo hugawanywa tena. Katika Kigali kanda za makazi hutajwa kwa herufi R na tarakimu, kuanzia R1, yenye nyumba chache zilizotawanyika, hadi R4, yenye majumba ya ghorofa na watu wengi. Kila kanda ina masharti yake: ukubwa wa kiwanja, sehemu ya kiwanja inayoweza kufunikwa na jengo, idadi ya ghorofa, umbali kutoka barabarani, vifaa vya kujengea, na kama mtu aweza kuweka duka mbele ya nyumba yake au la. Asiyetimiza masharti hapewi kibali, na anayejenga bila ya kibali huvunjiwa.

Masharti hayo hayakubuniwa kwa ajili ya kuwasumbua wananchi. Kigali umejengwa juu ya vilima vyenye miteremko mikali, na baina ya kilima na kilima kuna mabonde yenye majimaji. Mvua za masika zikinyesha, nyumba iliyochimbiwa ubavuni mwa kilima bila ya mifereji huweza kuporomoka pamoja na waliomo, na nyumba iliyojengwa bondeni hufunikwa na maji yanayotoka kwenye vilima vyote vinavyolizunguka. Hapana mtu mwenye akili atakayelaumu kanuni inayokataza kujenga mahali kama hapo. Serikali ya Rwanda imehamisha viwanda kutoka bonde la Gikondo, na bonde la Nyandungu limerudishiwa mimea yake ya asili na kufunguliwa kuwa bustani ya umma mwaka 2022. Jambo hilo limefanywa vizuri, na miji mingine ya jirani yafaa ilitazame.

Tatizo huanza pale kanuni inapoacha kusema nyumba isijengwe wapi, ikaanza kusema nyumba iwe ya thamani gani. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalifahamu jambo hili tangu zamani. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Dar es Salaam iligawanywa kwa kanuni za ujenzi: upande mmoja ziliruhusiwa nyumba za Kizungu peke yake, upande wa pili nyumba za mawe au matofali, na upande wa tatu nyumba za miti na udongo. Waingereza walipochukua nchi waliendelea na mgawanyo huo wa kanda tatu. Kanuni ilizungumzia kuta na mapaa. Haikuhitaji kutaja rangi ya mtu, maana kila mmoja alijua ni nani mwenye uwezo wa kujenga nyumba ya Kizungu na ni nani asiye nao. Hivyo ndivyo yalivyopatikana majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ambayo katika miji mingi hayajafutika hata leo.

Kigali nao ulianza katika zama hizo hizo. Uliasisiwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, aliyekuwa mwakilishi wa serikali yake katika nchi ya Mfalme wa Rwanda. Pamoja na utawala huo walifika askari, makarani na wafanya biashara waliozungumza Kiswahili, wengi wao Waislamu, na wakakaa upande wa Nyamirambo, ambako msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji waliokuja baada ya Wajerumani waliwatengea watu hao mtaa wao, ukaitwa Kambi ya Waswahili. Mtaa wa Biryogo unatokana na kambi hiyo, na hadi leo Kiswahili kinasikika huko kuliko sehemu nyingine yoyote ya mji.

Lakini mji wenyewe ulibaki mdogo sana. Wabelgiji waliitawala Rwanda na Burundi pamoja kutoka Usumbura, mji ambao sasa ni Bujumbura, na Mfalme alikaa Nyanza. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, Kigali ulichaguliwa kuwa makao makuu kwa kuwa uko katikati ya nchi, na wakati huo ulikuwa na watu kama 6,000 tu. Mwaka 1991 walikuwa wamefika kiasi cha 235,000. Kisha likaja janga la mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo yaliuacha mji ukiwa magofu. Baada ya hapo walirudi Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, wengine baada ya miaka zaidi ya thelathini, na kutoka mashambani wakaja watu waliotafuta kazi na usalama. Hesabu ya mwaka 2012 iliwakuta zaidi ya 1,130,000.

Watu hao walijijengea wenyewe. Aliyekuwa na fedha kidogo alinunua kipande cha ardhi ubavuni mwa kilima, akafyatua matofali mabichi ya udongo ambayo Wanyarwanda huyaita rukarakara, akaezeka kwa bati, akapiga kuta lipu ya saruji, na mwaka uliofuata akaongeza chumba cha kupangisha. Wakubwa wa mji waliiita mitaa hiyo kwa neno la Kinyarwanda, akajagari, yaani mchafuko. Neno hilo lina kweli ndani yake, kwa kuwa njia zilikuwa nyembamba, maji machafu yalipita mlangoni, na gari la zimamoto lisingeweza kuingia. Lakini lilificha kweli nyingine, kwamba mitaa hiyo ndiyo iliyowalaza waashi, wachukuzi, wauza mboga, walinzi na watumishi wa nyumbani, ambao bila ya wao mji usingefanya kazi hata siku moja.

Mpango wa kwanza wa zama hizi, uliochorwa na wataalamu kutoka Marekani mwaka 2007, ulitoa picha ya jumla. Ule wa mwaka 2013, uliotayarishwa na kampuni ya Singapore, ulishuka hadi kwenye kiwanja kimoja kimoja. Picha zake zilipendeza mno: majumba marefu ya vioo, barabara pana zenye miti, bustani na maziwa ya kutengenezwa. Serikali ilizionyesha kwa fahari, na haikosi haki ya kufanya hivyo nchi iliyotoka katika maafa kama yale. Walakini mwaka mmoja kabla ya mpango huo kupitishwa, ulikuwa umefanyika uchunguzi wa mahitaji ya nyumba za Kigali kwa miaka kumi, tangu 2012 hadi 2022. Matokeo yake ndiyo yanayoeleza kila kilichofuata, na ni ajabu kwamba hayakuwekwa mbele zaidi.

Uchunguzi ulionyesha kwamba zilihitajika nyumba mpya kama 344,000. Kati ya hizo, kiasi cha 43,000 zilikuwa za watu maskini kabisa wasioweza kununua bila ya msaada wa serikali. Kiasi cha 186,000 zilikuwa za watu wa kipato cha chini wanaohitaji nyumba za bei nafuu, na kiasi cha 113,000 za watu wa kipato cha kati. Nyumba za matajiri zilizohitajika, kwa miaka yote kumi, hazikufika 1,700. Maana yake ni kwamba katika kila nyumba 200 zilizohitajika Kigali, moja tu ilikuwa ya aina iliyopamba zile picha.

Kanuni za mwaka 2013 hazikufuata hesabu hiyo. Ziligawa mji kwa matumizi mamoja mamoja, hapa pa kulala, pale pa kufanyia biashara, na mitaa mingi ya watu wa kawaida ikatiwa rangi ya majumba ya ghorofa au ya maduka makubwa. Kwa aliyekaa ofisini ilikuwa ni kubadili rangi ya ramani tu. Kwa mwenye nyumba ya vyumba vitatu katika mtaa huo, jambo hilo lilimaanisha kwamba nyumba yake sasa haikuwa mahali pake. Hakufukuzwa, lakini akitaka kibali cha kujenga nyumba nyingine huambiwa ajenge ghorofa kama kanda inavyotaka. Akitaka kubadili ukuta uliochakaa au kuongeza chumba cha mwanawe aliyeoa, huambiwa kwamba kilichopo hakilingani na mpango. Hana fedha za ghorofa, na benki haimkopeshi mtu asiye na mshahara wa kila mwezi. Basi hubaki na njia mbili: kuiacha nyumba iendelee kuoza, au kumwuzia mwenye uwezo na kwenda kununua kiwanja nje ya mji.

Wengi walichagua ya tatu, wakajenga usiku. Mabati yaliinuliwa gizani, na saruji ikakorogwa ndani ya chumba ili isionekane. Matokeo ni kwamba kanuni iliyowekwa ili kumaliza ujenzi holela iliuzidisha, na tena ujenzi huo ukawa mbaya kuliko wa zamani, kwa kuwa anayejenga kwa kuibia hawezi kuita fundi stadi wala kuchimba msingi wa kutosha.

Wakati huo huo fedha zilikimbilia kule ambako kanuni zilizipendelea. Mtaa wa Vision City ulioko Gaculiro ulijengwa kwa fedha za mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, na nyumba zake 504 za awamu ya kwanza zilikuwa nzuri kwa kila hali, ila bei yake ilihesabiwa kwa malaki ya dola za Kimarekani. Wanunuzi hawakupatikana upesi na bei ikabidi ipunguzwe. Si jambo la kushangaza kwa mtu aliyesoma ule uchunguzi wa mwaka 2012.

Yapo matukio mawili ambayo wakazi wa Kigali huyataja kila yanapozungumzwa mambo ya makazi. La kwanza ni la Kiyovu. Kilima cha Kiyovu kiko karibu kabisa na katikati ya mji, na watu walikigawa wenyewe kwa majina: Kiyovu cha matajiri, chenye miti mikubwa na nyumba za mabalozi, na Kiyovu cha maskini, kilichojaa vibanda. Kiyovu cha maskini kilivunjwa kufikia mwaka 2008, na baadhi ya wenyeji wake wakapelekwa kwenye nyumba ndogo zilizojengwa Batsinda, nje ya mji kwa upande wa kaskazini. Nyumba za Batsinda zilikuwa imara kuliko walizoziacha, hilo halikanushiki. Lakini mtu aliyekuwa akienda kazini kwa miguu sasa alihitaji nauli ya kwenda na nauli ya kurudi, na mama aliyeuza ndizi mbele ya ofisi hakuwa tena na wa kumwuzia. Sehemu kubwa ya ardhi waliyoiacha ilikaa miaka mingi ikiwa majani matupu, ikingojea wawekezaji.

La pili ni la mitaa ya Kangondo na Kibiraro, ambayo watu waliipa jina la utani la Bannyahe, jina linalokejeli uhaba wa vyoo uliokuwapo huko. Mitaa hiyo ilipakana na Nyarutarama, mahali pa watu wenye nafasi. Mwaka 2017 ilikubaliwa baina ya Jiji na mwekezaji kwamba wenye nyumba wa Bannyahe wahamishiwe katika majumba ya ghorofa yatakayojengwa Busanza, na ardhi yao ijengwe upya. Wenye nyumba wengi walikataa. Walitaka fidia ya fedha taslimu, kila mtu kwa thamani ya mali yake, wakisema kwamba mwenye vyumba kumi vya kupangisha hawezi kulipwa kwa fleti moja ambayo haimwingizii chochote. Walikwenda mahakamani, kesi ikachukua miaka, na mwezi Septemba mwaka 2022 mitaa hiyo ilivunjwa. Ugomvi huo haukuwa wa uzuri wa nyumba. Ulikuwa wa swali kama nyumba ni mahali pa kulala tu au ni pia shamba la mtu wa mjini, ambalo humlisha kwa kodi ya wapangaji.

Juu ya wapangaji wenyewe halikusemwa jambo kubwa. Sheria ya fidia humtazama mwenye mali. Yule aliyepanga chumba kimoja, hata awe amekaa miaka kumi na watoto wake wanasoma shule ya jirani, hufungasha virago na kutafuta chumba kingine mbele zaidi ya pale.

Mpango wa mwaka 2020 ulizaliwa katika hali hiyo. Waliouandika walitamka wazi kwamba ule wa kwanza ulikuwa mgumu mno kutekelezeka, na kwamba umewaacha nje watu wa kipato kidogo. Kwa viongozi wa jiji lolote, kukiri jambo kama hilo ni hatua kubwa, na haki yake lazima isemwe.

Badiliko la kwanza ni kuchanganya matumizi. Mtu aweza sasa kuwa na duka dogo au kinyozi katika mtaa wa makazi, na mtaa mmoja waweza kuwa na nyumba za namna mbalimbali. La pili ni kuruhusu nyumba nyingi zaidi katika kiwanja kile kile. Hata katika kanda zilizokuwa za nyumba moja ya familia moja, zimeruhusiwa nyumba za mfululizo zinazogawana kuta, nyumba ya uani ya kupangisha, na majengo ya familia kadhaa. La tatu, ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba mtu aweza kujenga kidogo kidogo. Mitaa iliyojengwa bila ya mpango imewekwa katika kanda ya kuboreshwa badala ya kungojea kuvunjwa: njia hupanuliwa, mifereji huchimbwa, taa huwekwa, na mwenye nyumba hubaki pale pale akirekebisha nyumba yake kwa kadiri ya mfuko wake. Katika mtaa wa Agatare, ulioko Nyarugenge, kazi kama hiyo imekwisha kufanyika kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hata rukarakara, lililokuwa likihesabiwa kuwa tofali la aibu mjini, limekubaliwa kwa nyumba ndogo zisizo za ghorofa, mradi litengenezwe kwa viwango vilivyowekwa.

Nini kiliifanya serikali igeuke? Huruma ni sehemu tu ya jibu. Eneo lote la Jiji la Kigali ni kilomita za mraba 730, na humo yamo mabonde na miteremko isiyojengeka. Mpango wenyewe unakadiria kwamba kufikia mwaka 2050 wakazi watakuwa kiasi cha milioni 3.8, yaani zaidi ya mara mbili ya waliohesabiwa mwaka 2022. Haiwezekani kuwaweka watu hao katika nyumba moja moja zilizozungukwa na bustani, hata kama wangekuwa na fedha. Na wakienea nje, kila kilomita inayoongezwa huhitaji bomba la maji, waya wa umeme na basi, na humeza mashamba ya nchi ambayo tayari haina ardhi ya kutosha ya kulima. Kwa hiyo nyumba ya uani ya fundi cherehani, ambayo jana ilikuwa kosa, leo imekuwa msaada kwa taifa, maana inawaweka watu wanne zaidi mahali ambapo bomba limekwisha kufika.

Hata hivyo kanuni ya ujenzi haifanyi kazi peke yake. Mkono wake wa pili ni kodi. Sheria ya mwaka 2018 iliweka kodi ya kiwanja kati ya faranga 0 na 300 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na ikaongeza kodi ya ziada kwa kiwanja kinachozidi ukubwa wa kawaida na kwa kile kisichojengwa. Nia ilikuwa njema: kumlazimisha anayehodhi ardhi aijenge au aiuze. Lakini mjane mwenye kiwanja cha mita 400 za mraba katika eneo la kiwango cha juu alidaiwa faranga 120,000 kwa mwaka, hata kabla ya kuhesabu nyongeza, ilhali kiwanja hicho hakikumwingizia lolote zaidi ya mihogo na maharage. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 2023 kiwango cha juu kilishushwa hadi faranga 80. Kiwanja kile kile sasa hakiwezi kutozwa zaidi ya faranga 32,000, kabla ya kuhesabu nyongeza. Kwa mtu wa kipato kidogo, punguzo hilo huenda limemwokolea nyumba yake kuliko kurasa zote za mpango kabambe.

Yapo pia mambo ambayo kanuni mpya hazikuyagusa. Kibali bado huhitaji michoro ya mtaalamu, na mtaalamu hulipwa. Riba ya benki bado ni kubwa. Kadhalika kiwanja kinachoruhusiwa nyumba nne badala ya moja hupanda bei, kwa sababu mnunuzi huhesabu zile nne. Mwenye kiwanja hufurahi, na anayetafuta kiwanja huhuzunika, na mara nyingi hao wawili ni watu wa ukoo mmoja, baba na mwana. Wasiwasi huu umesikika pia katika miji ya nchi tajiri ambayo imelegeza kanuni kama hizi, na majibu bado yanabishaniwa huko na huko. Kinachojulikana ni kwamba bei hutulia pale tu nyumba nyingi zinapojengwa kwa kweli, wala si pale zinaporuhusiwa tu.

Namna ya kuzijenga inajaribiwa Mpazi, katika kata ya Gitega, mtaa wa zamani uliosongamana karibu na katikati ya mji. Huko wenye nyumba hawakuhamishwa kupelekwa mbali. Walitoa ardhi yao ikaunganishwa pamoja, wakakaa mahali pengine kwa muda, yakajengwa majumba ya ghorofa kwa matofali ya kuchoma yanayotengenezwa humo humo nchini, na wakarudishiwa fleti kwa kadiri ya mali aliyokuwa nayo kila mtu. Aliyekuwa na mali kubwa hupata fleti zaidi ya moja, na aweza kuipangisha ya ziada kama alivyokuwa akipangisha vyumba vyake. Familia 105 ndizo zilizoingia katika awamu ya kwanza, na majengo mengine mengi yamejengwa baada ya hapo. Kwa kuwa majumba huchukua nafasi ndogo kuliko vibanda, ardhi iliyobaki huweza kupatiwa nyumba nyingine za kuuzwa, na fedha zake kusaidia gharama.

Tofauti ya Mpazi na Bannyahe haiko katika uzuri wa majengo, kwani yale ya Busanza nayo ni majengo ya kudumu. Iko katika umbali. Mkazi wa Mpazi aliyerudi bado yuko karibu na soko lile lile, watoto wake hawakubadili shule, na mteja wake wa jana anamjua anapokaa. Wapangaji wa zamani wa Mpazi, waliokuwa wakilipa kodi ya chumba kimoja katika vibanda vilivyovunjwa, hawamo katika hesabu hiyo ya kugawana fleti, na kodi ya fleti mpya si ile ya chumba cha udongo.